Nimehamia Nairobi kikazi, jioni upweke unanilemea

Naombaje msaada bila kuonekana mzigo?

Jibu 1
Pole sana. Usiandike "mambo?" tu; utajibiwa "poa" na mazungumzo yaishie hapo. Taja hali, siku na muda: "Dada, jioni zinanilemea. Naomba tuongee Jumatano saa 2 usiku, dakika 15." Mwandikie mtu mmoja. Kwenye kundi la WhatsApp kila mmoja hudhani mwenzake atajibu.

Jibu 2
Akinyamaza siku 2, mpigie. Huenda hana bando. Pia tafuta kwaya: mazoezi ni kila wiki, na hulazimiki kuwa na la kusema.

Jibu 3
Usingizi ukipotea wiki 2, muone daktari. Ukiwaza kujidhuru usingoje: piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.