Haidrojeni: mbona A yangu ni √(2/a) na kitabu kinasema 1/√(πa³)?

Muulizaji
Habari wakuu. Elektroni ya haidrojeni katika hali yake ya nishati ndogo kabisa ina funksheni ya wimbi ψ = A·e^(−r/a), ambapo a ni nusukipenyo cha Bohr. Natafuta A itakayofanya jumla ya uwezekano iwe 1. Nimechukua intigrali ya A²e^(−2r/a) dr kutoka 0 hadi ∞, nikapata A²·a/2 = 1, yaani A = √(2/a). Kitabu kimoja kinasema 1/√(πa³), kingine kina 2/√(a³). Hesabu nimeirudia na inatoka vilevile. Tatizo liko wapi?

Jibu la 1
Mkuu, intigrali umeifanya vizuri, ila umeiweka elektroni kwenye mstari mmoja. Yenyewe iko kwenye nafasi ya pande tatu, na |ψ|² ni uwezekano kwa kila kizio cha ujazo. Ganda jembamba lenye nusukipenyo r na unene dr lina ujazo 4πr² dr. Kwa hiyo sharti lenyewe ni

4πA² ∫ r² e^(−2r/a) dr = 1, kutoka 0 hadi ∞.

Shika kanuni hii, itakuokolea muda mwingi kwenye mtihani: ∫ rⁿ e^(−br) dr kutoka 0 hadi ∞ ni n!/bⁿ⁺¹. Hapa n = 2 na b = 2/a, kwa hiyo unapata 2·(a³/8) = a³/4. Zidisha kwa 4πA²: πa³A² = 1.

Halafu jenga mazoea ya kukagua vizio. |ψ|² ukiizidisha kwa m³ lazima ibaki namba tupu, hivyo ψ ina m^(−3/2). Jibu lako lina m^(−1/2), na hilo peke yake linatosha kulikataa. Ukiweka a = 5.29×10⁻¹¹ m, A inakuwa kama 1.47×10¹⁵ m^(−3/2). Ukubwa huo usikutishe, A si uwezekano.

Jibu la 2
Kuhusu kitabu cha pili: hakipingani na cha kwanza. Kimetenga sehemu ya r na sehemu ya pembe, ψ = R·Y. Sehemu ya pembe ni Y = 1/√(4π), na R = (2/√a³)e^(−r/a). Zidisha, utarudi kwenye 1/√(πa³). Sharti la R ni ∫|R|² r² dr = 1, bila 4π, kwa sababu pembe zimeshahesabiwa ndani ya Y. Wengine wanatumia u = rR, na hapo hata r² inatoweka. Soma kwanza mwandishi anatumia ipi kati ya hizo tatu. Kuzichanganya ndiko kunakowaangusha wengi.

Jibu la 3
Niongeze jambo moja, maana litakuja sura inayofuata. Tangu mwanafizikia Max Born mwaka 1926, kinachobeba uwezekano ni |ψ|², yaani ψ mara konjugeti yake (ψ ileile, ila i imegeuzwa kuwa −i), si ψ². Chukua ψ = A(ψ₁₀₀ + 2iψ₂₁₀), ambapo ψ₁₀₀ ni hali yako ya nishati ndogo kabisa na ψ₂₁₀ ni hali nyingine ya nishati ya juu zaidi. Hali hizo mbili tayari zina jumla ya 1 kila moja na intigrali ya zao lake ni sifuri, kwa hiyo |A|²(1 + 4) = 1, A = 1/√5. Ukisahau konjugeti unapata 1 − 4 = −3, na uwezekano hasi haupo.

Muulizaji
Asanteni sana wakuu, nimeelewa. Sasa uwezekano wa kuikuta ndani ya r = a nautafutaje? Kanuni ya n! inatumika?

Jibu la 1
Haitumiki, mpaka wa juu si ∞ tena. Weka x = 2r/a, ibaki ½∫x²e^(−x) dx kutoka 0 hadi 2, kisha fanya intigrali kwa sehemu mara mbili. Jibu ni 1 − 5e^(−2), takriban 0.323.