Mosin-Nagant 91/30: nianze na darubini, kitako au triga?

TupaNaMsasa

Wakuu, salaam. Nina Mosin-Nagant 91/30, bunduki ya kijeshi ya Kisovieti, ya kiwanda cha Izhevsk, 1942, risiva (sehemu ya chuma inayobeba bolti) ya duara, namba za bolti na risiva zinafanana. Kibali kipo. Nataka iwe bunduki ya kulengea shabaha kati ya mita 100 na 200, siyo pambo la ukutani.

Hali yake ni hii. Bolti ni ngumu kuinua baada ya kufyatua, mara nyingine mpaka uipige kwa kiganja. Risasi tano zinatawanyika kama sentimita 15 kwenye mita 100, na zote zinapiga juu ya pale ninapolenga. Triga ni nzito na inachezacheza kabla haijashika. Sefti ndiyo ile ya kuvuta kipande cha kukokia nyuma na kukizungusha kushoto, vidole vinauma.

Nafikiria kitako cha plastiki ngumu chenye magazini ya kuchomoa, triga ya kampuni ya Timney, na darubini. Nianze na kipi? Darubini ikae juu ya risiva au pale kwenye kilengeo cha nyuma? Na ni kazi gani ambayo hamshauri mtu aifanye mwenyewe nyumbani?

Mifereji4

Mkuu, usinunue kitu kwanza. Pima mtutu, maana vifaa vyote ulivyotaja vinategemea huo.

Hakikisha bunduki ni tupu, chomoa bolti (vuta nyuma huku umebana triga), kisha chukua risasi ya bandia isiyo na baruti wala fataki (kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti), uiingize kichwa mbele kwenye mdomo wa mtutu. Kama sehemu ya shaba ya kichwa cha risasi inabaki nje kabla ganda halijagusa chuma, mdomo una afya. Ikimezwa mpaka ganda liguse, kuna sababu mbili. Ama mdomo umelika kwa ufito wa kusafishia ulioingizwa kwa mbele miaka na miaka, ama mafundi wa jeshi waliuchimba kwa makusudi wakati wa ukarabati, yaani waliondoa matuta kidogo kuanzia mdomoni ili risasi iachie kwenye chuma kizima. Tazama kwa tochi: uliochimbwa unaonyesha ngazi ya duara ndani, na huo hauna shida. Uliolika bila ngazi ndio wenye tatizo, na hakuna kitako wala darubini itakayouponya.

Pili, kipenyo. Mifereji ya ndani ya mtutu wa Mosin, ile inayoizungusha risasi, kwa kawaida ni milimita 7.92 hivi, na mingine imepanuka zaidi. Wanaojaza risasi wenyewe wakitumia vichwa vya .308, yaani milimita 7.82, risasi haishiki mifereji sawasawa na shabaha inatawanyika. Tumia .311, yaani 7.90. Kabla ya kulaumu mbao, angalia unapiga risasi gani.

Sasa bolti. Mosin inakoki unapoinua mkono wa bolti, kwa hiyo sehemu ya uzito huo ni springi tu na haiondoki. Ili kujua tatizo liko wapi, toa pini ya kupigia na springi yake, rudisha bolti, fungua na kufunga bila risasi. Ikiwa nyepesi, bolti yenyewe ni nzima. Ikiwa ngumu tu baada ya kufyatua, tatizo liko kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, na karibu kila mara ni ile grisi ya kuhifadhia silaha iliyoganda humo, ikapata moto wa risasi na kugeuka kama gundi. Maganda ya chuma yaliyopakwa vanishi ndiyo yanayonata zaidi.

Dawa yake ni brashi ya shaba ya shotgun ya geji 20, kipande cha ufito, drili ya mwendo wa polepole na kiyeyusho cha grisi. Zungusha, futa kwa kitambaa, rudia mpaka kitambaa kitoke bila rangi ya kahawia. Usiingize msasa kwenye chemba. Mikwaruzo inalipa ganda mahali pa kung'ang'ania, na chemba ikishapanuka hairudi.

ChapaKwanza

Kabla hujatoboa au kukata chochote, soma chapa zilizoko kwenye chuma. Kuna 91/30 zilizokuwa za wadunguaji, zikavuliwa darubini na kurudishwa jeshini kama bunduki za kawaida. Dalili zake ni matundu yaliyozibwa upande wa kushoto wa risiva, na mara nyingi namba ya darubini ya zamani imefutwa kwa mstari karibu na risiva. Chapa ya SA ndani ya mraba ni mali ya jeshi la Ufini. Kuna pia M1891 zilizotengenezwa Marekani na Remington na Westinghouse wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Bunduki kama hizo zisikatwe, maana thamani yake yote iko kwenye uhalisia wake.

Kwa 91/30 ya kawaida ya 1942 naona ni sawa kuibadilisha, ila chagua njia inayorudi nyuma. Kitako, triga na mlango wa darubini (chuma kinachoibeba darubini) unaokaa kwenye kilengeo vyote vinatoka. Mtutu uliokatwa haurudi. Na unapovua mbao ya zamani, pini, vidaka vya mtutu na skrubu zote ziende kwenye mfuko mmoja wenye namba ya bunduki.

UfitoMrefu

Kuhusu darubini, Mosin ina njia tatu.

Rahisi kabisa ni mlango unaochukua nafasi ya bamba la kilengeo cha nyuma. Unabana bamba chini ili springi yake ilegee, unasukuma pini ya kupita, bamba linatoka, mlango unaingia na kubanwa kwa pini ileile na skrubu zake. Hakuna kutoboa, na mkono wa bolti unabaki ulivyo. Ila inataka darubini ya jicho la mbali, ile unayoiona vizuri ukiwa sentimita 20 hadi 28 nyuma ya kioo. Darubini ya kawaida hapo itakuonyesha duara dogo jeusi. Ubovu wa mlango huu ni kulegea: pini ni nyembamba, teke la risasi za bunduki hii, 7.62x54R, ni kali, na mlango wa bei rahisi una uwazi mdogo unaozidi kila unapofyatua. Shabaha ikianza kuhama taratibu upande mmoja, shika darubini kwa mkono uitikise kabla hujagusa skrubu za marekebisho. Safisha mafuta kwenye nyuzi za skrubu, weka gundi ya nyuzi ile inayofunguka kwa bisibisi, siyo ya kudumu.

Njia ya pili ni mlango wa ubavuni, kwa mtindo wa zile darubini za PU za wadunguaji wa Kisovieti. Hii inatobolewa na kukatwa nyuzi upande wa kushoto wa risiva. Ni imara kuliko zote, lakini tundu likienda pembeni hata nusu milimita darubini haitaelekea sambamba na mtutu, na utamaliza marekebisho yote ya upande kabla hujafika katikati. Mpe fundi bunduki mwenye mashine na kishikio, siyo drili ya mkono.

Ya tatu ni juu ya risiva. Mkono wa bolti ya Mosin umenyooka na ukifunguliwa unasimama wima, kwa hiyo unagonga darubini. Lazima upindishwe au ubadilishwe, na mbao ichongwe kupisha mkono mpya. Njia hii na ile ya ubavuni, ukitumia mlango unaoileta darubini juu ya risiva, zinakunyima pia kujaza kwa klipu ya risasi tano; utaingiza moja moja.

Kwa mita 100 hadi 200, ningeanza na ya kwanza, ukuzaji wa 2 hadi 7 unatosha kabisa.

TupaNaMsasa

Asanteni sana wakuu. Upande wa kushoto wa risiva ni safi, hakuna tundu lililozibwa. Risasi ya bandia imebakiza karibu milimita 7 za shaba nje, kwa hiyo mdomo ni mzima. Chemba imetoa uchafu wa kahawia mwingi na bolti imelainika. Sasa, kitako na triga? Na huku kupiga juu kunatokana na nini?

Mifereji4

Kupiga juu si ugonjwa. Bunduki hizi zililengeshwa singe ikiwa imefungwa. Ukiivua, mtutu unatikisika tofauti na risasi inatua kwingine. Umbali kati ya vilengeo viwili ni kama milimita 620, kwa hiyo kila milimita moja unayoongeza kwenye urefu wa kilengeo cha mbele inashusha risasi karibu sentimita 16 kwenye mita 100. Njia safi ya kujaribu bila kuharibu kitu: chuna kipande cha plastiki kutoka kwenye waya mwembamba wa umeme, ukivike juu ya msumari wa kilengeo cha mbele kikiwa kirefu kupita inavyohitajika, halafu kikate kidogo kidogo kwa wembe mpaka risasi zitue unapolenga. Ukishajua urefu, tengenezesha wa chuma. Kwenda kushoto au kulia, sukuma kilengeo chote cha mbele kwenye mfereji wake kwa kibano cha skrubu, usigonge kwa nyundo. Risasi zikienda kulia, kilengeo cha mbele kisukume kulia.

KitakoImara

Kwenye kitako nitakuvunja moyo kidogo: jaribu mbao yako kwanza. Mtawanyiko wa sentimita 15 kwa mtutu mzima mara nyingi unatoka kwenye mbao iliyosinyaa. Vua, paka masizi ya mshumaa chini ya risiva, rudisha, kaza, vua tena. Masizi yanaonyesha pale chuma kinapogusa. Kikigusa mbele tu au nyuma tu, kila unapokaza skrubu unapinda risiva yenyewe.

Mafundi wa Ufini walikuwa wanaweka vipande vyembamba vya shaba chini ya risiva, kimoja karibu na skrubu ya mbele na kingine kwenye ulimi wa nyuma. Anza na unene wa robo milimita kila upande. Halafu pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao: ikikwama mahali, mtutu unaguswa na utahamisha shabaha ukishika moto. Mkwaruzo mdogo wa msasa uliozungushiwa kijiti cha duara unatosha. Kaza skrubu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Ukiona magazini imebana mbao kabla risiva haijakaa, punguza mbao hapo, usiongeze nguvu ya bisibisi.

Ukiamua plastiki, kitako cha Archangel kinakuja na magazini ya risasi 10 na kinarekebishika urefu na shavu. Usitegemee kupunguza uzito. Angalia kwanza sheria yako inaruhusu magazini ya risasi ngapi. Ndani ya risiva, ukuta wa kushoto, kuna kile kitema ganda kilichoshikwa kwa skrubu moja. Hicho hakitoki hata ukibadilisha magazini. Kikiondolewa, maganda hayatemwi. Risasi za 54R zina ukingo mpana, na kwenye magazini ya kuchomoa ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ule wa chini. Zikipishana kinyume zinafungana na bolti inasimama.

Triga ya Timney ni badiliko linaloonekana kuliko yote, kwa sababu inaleta na sefti ya pembeni inayotumika kwa kidole gumba. Mbao itachongwa kidogo kupisha hiyo sefti. Iweke kilo 1.5 hivi. Ukishaifunga, bunduki ikiwa tupu, koki, weka sefti, bana triga, achia, toa sefti: pini isianguke. Kisha bila sefti, fungia bolti kwa nguvu mara kadhaa na ugonge kitako kwenye mpira. Ikianguka hata mara moja, ongeza mshiko wa triga na usiende uwanjani. Wale wanaonoa pembe za triga ya zamani kwa tupa wanaishia na bunduki inayofyatuka yenyewe bolti inapofungwa. Ile ya zamani ing'arishe uso tu kwa jiwe laini, pembe usiiguse.

UfitoMrefu

Naongezea mawili, maana uliuliza kazi zisizofaa kufanyiwa nyumbani.

La kwanza ni kuchomelea mkono wa bolti. Kwenye Mosin kichwa cha bolti ni kipande cha peke yake na ndicho chenye masikio ya kufungia, kwa hiyo kinavuliwa kabisa pamoja na springi na pini kabla ya moto. Kinachobaki hatarini ni mteremko wa kukokia nyuma ya bolti: ukipata moto ukalainika, utalika na bolti itarudi kuwa ngumu. Anayechomelea afunge kitambaa kilicholowa au bamba la shaba hapo. Ukinunua bolti ya bunduki nyingine, fundi apime kwa geji nafasi kati ya uso wa bolti na ukingo wa ganda kabla risasi hata moja haijapigwa.

La pili unaweza mwenyewe. Kila ukifungua bolti na kuirudisha, pima pini ya kupigia. Bisibisi ya asili ya Mosin ina pengo mbili za kupimia, zilizoandikwa 75 na 95. Ncha ya pini iguse kwenye 75, isiguse kwenye 95. Ikiwa fupi fataki hailipuki. Ikiwa ndefu inatoboa fataki na gesi inarudi usoni.

Na kama unapiga risasi za zamani za jeshi, fataki zake zinaacha chumvi inayovuta unyevu. Mafuta hayaiyeyushi. Mwaga maji ya moto kupitia chemba siku hiyohiyo, pitisha pia kwenye uso wa bolti na ndani ya kichwa chake, kausha, ndipo upake mafuta. Kwenye kitako cha plastiki, vua skrubu zote mbili uangalie na chini ya mtutu, maana maji yanayoingia hapo hayaonekani kwa nje.