Ufa juu ya shamba la kahawa Bududa, tuutazame tu ama wazee wahame?

mtoto_wa_kahawa:
Habari zenu ndugu. Mimi nakaa Mbale, Uganda, lakini wazazi wako Bududa huko juu mlimani, na jumapili nilipanda kuwasalimia. Sasa juu ya shamba la kahawa, pale mzee alipomalizia mstari wa mwisho wa migomba kabla hujafika kwenye mawe, kumetokea ufa. Sio mfereji wa maji, ni ufa kabisa, umepinda kama mwezi mwandamo ncha zote mbili zinaangalia chini, nimeupima kwa hatua nikapata kama thelathini, upana kiganja kinaingia kikiwa kimelala. Niliingiza mti wa maharage ukazama wote sikusikia mwisho. Kutoka hapo hadi kwenye nyumba ni hatua kama themanini, tena ni mteremko mkali.

Mzee anasema ni kiangazi tu kimepasua udongo, mvua ikianza utajifunga wenyewe. Mama halali, manake mwaka 2010 alipoteza dada yake kwenye maporomoko ya kijiji cha Nametsi na hadi leo hatukumpata wa kumzika. Machi ndio hiyo inakuja. Mwenye kujua mambo ya udongo naomba aniambie ukweli, asinifariji.

mawe_na_udongo:
Pole sana, na pole zaidi kwa mama. Nilisoma jiolojia Makerere na nimewahi kutembea milima ya Manjiya, hapo hapo Bududa, nikibeba vyombo vya kupimia, kwa hiyo nakujibu wazi. Udongo uliokauka unapasuka ovyo ovyo, nyufa ndogo nyingi zinakatana kama gamba la kobe, na hazizami sana. Ufa mmoja mrefu, umepinda, unakata mlima kwa upana na ncha zinashuka, huo sio kiangazi, hicho ni kipande cha mlima kimeshaanza kuachana na mwenzake. Rudi uangalie kitu kimoja: ule ukingo wa chini umekaa sawa na wa juu ama umeshuka? Kama umeshuka hata vidole viwili basi mlima unatembea, polepole lakini unatembea.

Kwa nini huko kwetu. Masaba, yaani mlima Elgon, ni volkano ya zamani sana iliyozimika, na yale majivu na mawe yake yameoza kwa muda mrefu mno hadi yakawa udongo mzito mwekundu, ndio maana kahawa na vitunguu vinakubali hivyo. Huo udongo juu unanyonya maji vizuri, lakini ukichimba chini unakuta tabaka la mfinyanzi ama mwamba wenyewe ambao haupitishi, maji yakifika hapo yanakwama. Na maji yaliyokwama yanasukuma, yanaingia katikati ya chembe za udongo zinaacha kushikana, halafu uzito wote wa juu unabaki umekalia kitu kinachoteleza kama sabuni. Bududa inapata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, sasa piga hesabu.

Watafiti waliopima Manjiya miaka ya 2000 waliona sehemu zinazoporomoka sana ni zile miteremko mikali iliyobonyea kama kiganja, maji ya pande zote yanakutania hapo, tena pale watu walipochonga mlima kupata uwanja wa nyumba ama njia. Ukichonga chini umeondoa kitu kilichokuwa kinashikilia juu. Hapo kwenu nyuma ya nyumba mmechonga?

mtoto_wa_kahawa:
Tumechonga ndugu yangu. Mwaka juzi tulipoongeza jiko, ukuta wa udongo nyuma yake unanizidi urefu. Na ukisema kiganja, shamba letu ndivyo lilivyo kabisa.

babu_wa_bukalasi:
Mwanangu nisikilize, mimi nilikuwepo Oktoba 2018 mto Suume uliposhuka na mawe. Kilichoniuma ni kwamba dalili zilikuwepo tukazipita kila siku tukienda shamba. Mlango wa nyumba ya jirani ulianza kukwama, anausukuma kwa bega, tukasema mbao zimevimba. Miti ya kivuli ikaegemea upande mmoja. Kisima kilichokuwa kinatoa maji masafi siku zote kikatoa maji ya matope, na hapo hapakuwa na mvua siku hiyo. Na kingine cha mto: ukiona maji yamepungua ghafla na mvua inanyesha, usiende kuangalia samaki, juu kumeziba, kitakachofuata ni kikubwa, chukua watoto mpande pembeni. Pembeni, sio chini kufuata bonde, matope yanakimbia kukuliko.

Huo ufa ujazeni mawe, na mpande mikaratusi mingi hapo juu, mizizi itashika.

mawe_na_udongo:
Babu hizo dalili ni za kweli zote na naomba kila mtu wa mlimani azishike. Ila kwa heshima, kwenye mawe nakataa. Mawe yanaacha nafasi, maji ya mvua yatashuka kwenye ufa kama kwenye bomba hadi kule chini yanakokwama, na yakijaa ndani ya ufa yanasukuma kipande cha mbele kama mtu anayesukuma kabati. Mjaze udongo wa mfinyanzi, mshindilie kwa mchi tabaka kwa tabaka hadi ujae, halafu juu ya ufa kabisa, mita kadhaa, mchimbe mfereji unaopeleka maji pembeni mbali na shamba, sio kwenye shamba la jirani. Hiyo haisimamishi mlima, inapunguza maji tu.

Miti ni mizuri sana, mgomba mizizi yake ni ya juujuu haushiki kitu, ukichanganya kahawa na miti yenye mizizi mirefu mlima unafaidika. Lakini mti unataka miaka, na ardhi ambayo imeshaanza kutembea ukiiwekea miti mikubwa unaiongezea mzigo. Pandeni pale ambapo bado pazima.

Na mpime. Kigingi kimoja juu ya ufa, kingine chini yake, vyote vipigwe nyundo viingie sana, funga kamba, pima kwa utepe wa fundi cherehani kila asubuhi, andika kwenye daftari na tarehe na kama usiku mvua ilinyesha. Mzee hatakuamini wewe, ataamini namba zake mwenyewe. Mwite na mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, aone kwa macho.

mama_wa_bunambutye:
Sisi tulihamishwa tukaletwa huku Bunambutye chini. Nitasema kweli, sio rahisi, jua ni kali, kahawa ya mlimani huku haikubali, na kaburi la mume wangu limebaki kule. Naelewa huyo mzee kwa nini anasema ni kiangazi. Kuacha shamba alilolimiwa na babu yake ni kama kuambiwa akate mkono. Lakini mvua ikinyesha usiku mimi sasa nalala. Novemba 2024 tuliposikia Masugu imefunikwa, huku huku wilayani Bulambuli, nilikaa nje hadi asubuhi nikiwaza wanangu. Usimwambie mzee ahame. Mwambie mchana alime shamba lake, usiku wa mvua alale kwa ndugu kwenye mgongo wa mlima. Hilo atalikubali.

mtoto_wa_kahawa:
Narudi baada ya wiki sita, samahani nimekawia. Ukingo wa chini ulikuwa umeshuka, vidole vitatu. Tulishindilia mfinyanzi siku mbili na wadogo zangu, tukachimba mfereji, nyuma ya jiko tumeacha kuchonga tena. Mama ndiye mwenye daftari. Wiki tatu za kwanza kamba ilisema kitu kimoja tu, sentimita 64, mzee akawa anaona ameshinda. Ikaja mvua ya siku nne mfululizo. Siku ya pili 64, siku ya tatu 65, asubuhi ya nne mzee mwenyewe alipanda na utepe, akapima mara mbili, 69. Mama anasema alishuka hakuongea, akafungua mbuzi, akachukua godoro.

Sasa hivi wanalala kwa shangazi kule mgongoni, mchana anarudi kupalilia. Jana kamba ilikuwa 71.

mawe_na_udongo:
Na mbuzi wasirudi hapo usiku. Hiyo 71 mpeleke kwa mwenyekiti leo na daftari lenyewe, na nyumba zilizo chini yenu kwenye bonde hilo hilo zijue. Ziko ngapi?

mtoto_wa_kahawa:
Nne. Naenda na boda sasa hivi.