Hedifoni za kuzuia kelele kwa safari na kazi: nina laki tatu, nichukue ipi?

Abiria_wa_SGR

Habari wakuu. Natafuta hedifoni za Bluetooth zenye kuzuia kelele, zile kubwa zinazofunika sikio zima. Bajeti ni laki tatu, ikizidi sana laki tatu na nusu. Matumizi: SGR ya Dar–Dodoma kila baada ya wiki mbili, basi la Mwanza mara mojamoja, na vikao vya Zoom ofisini penye feni na jenereta ya jirani. Navaa miwani. Simu ni Android, laptopu ni Windows.

Kariakoo kila boksi limeandikwa "Noise Cancelling", la elfu 35 na la laki nne. Tofauti iko wapi, na nitaijuaje ya kweli kabla sijatoa hela? Nawasilisha.

Fundi_Mawimbi

Mkuu, anza na herufi zilizo kwenye boksi. ANC na ENC ni vitu viwili tofauti kabisa. ENC inasafisha sauti yako inayoingia kwenye maiki, ili unayeongea naye asisikie feni yako. Wewe mwenyewe feni utaisikia vilevile. Za elfu 35 nyingi ni ENC, na mara nyingi muuzaji naye hajui, boksi limemchanganya kama lilivyokuchanganya wewe.

Unayoitaka ni ANC. Maiki za nje ya kikombe, na kwa zilizo bora nyingine iko ndani karibu na sikio, zinanasa kelele. Chipu inatengeneza wimbi lililogeuzwa: la kelele likipanda, lake linashuka. Mawili yakikutana sikioni yanafutana.

Sasa kufutana huko ni suala la muda. Chukua basi lenye dizeli ya silinda sita, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika. Kila mzunguko silinda tatu zinawaka, kwa hiyo mngurumo wake wa msingi ni 75 Hz, yaani mawimbi 75 kwa sekunde. Wimbi moja linachukua zaidi ya milisekunde 13, chipu ina nafasi ya kutosha kulipiga hesabu. Lakini "s" ya jamaa anayepiga stori siti ya nyuma ina mawimbi yanayozidi 4,000 Hz, na wimbi moja halifikishi hata robo ya milisekunde. Chipu ikichelewa kidogo tu hayafutani tena. Ndiyo maana injini, feni, AC na jenereta vinazama, ila mtoto akilia au konda akiita abiria utasikia. Sauti hizo za juu hazizuiwi na chipu, zinazuiwa na sponji na plastiki.

Hapo ndipo miwani yako inapoingia. Mkono wa miwani ukiinua sponji kidogo tu, besi inatoka na mngurumo unaingia kwenye upenyo huohuo. Sponji nene na laini inauzunguka mkono wa fremu; ngumu inaukalia juu. Dukani usivue miwani unapojaribu.

Jaribio lenyewe: washa hedifoni, usicheze muziki wowote, simama karibu na feni au jenereta ya duka, halafu washa na uzime ANC mara tatu. Ya kweli utasikia mvumo unazama ghafla, kama mtu amefunga mlango, na ndani kunabaki "shhh" hafifu sana. Kisha pakua programu ya mtengenezaji na uiunganishe. Nakala bandia ya Sony au Soundcore inaweza kuonekana kwenye Bluetooth kwa jina sahihi kabisa, lakini nyingi programu huzikataa. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, ondoka.

Bi_Chaji

Nakazia hapo kwenye jaribio. Upande wa modeli, kwa matumizi yako naona mbili za kufikiria kwa uzito.

Sony WH-CH720N ya 2023. Ina gramu 192, na kwa mwenye miwani wepesi ni kila kitu, maana hedifoni nzito inakandamiza mikono ya miwani kwenye mfupa na saa ya pili kichwa kinaanza kuuma. Chaji saa 35 ANC ikiwa imewashwa, 50 ikiwa imezimwa. Ubaya wake haikunji, vikombe vinalala bapa tu, kwa hiyo kwenye begi lililojaa utahitaji mfuko wake. LDAC, yaani njia ya kutuma muziki wa ubora wa juu kwa Bluetooth, pia haina.

Soundcore Space One ya Anker, nayo ya 2023. Saa 40 na ANC, 55 bila. Inakunjika na ina LDAC, ambayo simu yako ya Android inaweza kuitumia, iPhone haiwezi. Ila LDAC usiipe uzito sana kwa ajili ya safari. Inataka hadi kilobiti 990 kwa sekunde, na kwenye kituo kilichojaa watu na simu zao inaweza kukatika katika. AAC, njia nyepesi zaidi ya kutuma muziki, inatosha kabisa ndani ya treni.

Bei ya Marekani zilipotoka ilikuwa dola 149.99 kwa Sony na dola 99.99 kwa Space One. Ukiona Sony "mpya, imefungwa" kwa elfu 90, bei yenyewe imeshakujibu.

Soundcore Life Q30 ni ya 2020 lakini bado inafaa mwenye hela ndogo: saa 40 na ANC, 60 bila. JBL Tune 770NC ina chaji ndefu, 44 na 70, ila vikombe vyake ni vidogo. Mwenye sikio kubwa vitambana.

Kwako ningesema Space One, kwa sababu ya bajeti na kukunjika. Ukiipata Sony halisi ndani ya laki tatu na nusu, chukua Sony kwa ajili ya miwani.

Kikao_Kimeanza

Hakuna aliyegusa Zoom, na ndipo watu wengi hudhani wameuziwa feki. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili. Ya muziki ni stereo, sauti inatoka kwenye simu au laptopu kwenda hedifoni tu, hairudi. Ya simu inabeba sauti kwenda na kurudi, kwa ubora wa chini: mono, na sampuli 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde. Zoom ikifungua tu maiki ya hedifoni, Windows inahamia njia ya simu na kila mtu anasikika kama yuko ndani ya ndoo.

Dawa: kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom, sehemu ya spika chagua hedifoni, sehemu ya maiki chagua ya laptopu. Sauti inarudi kuwa safi papo hapo. Feni isielekee kwenye laptopu, la sivyo sasa wenzako ndio watakaoisikia.

Usitegemee waya kutatua hili, kwa sababu unaokuja ndani ya boksi mara nyingi hauna maiki. Na ukiunganisha simu na laptopu kwa pamoja, zima milio ya WhatsApp. Ujumbe mmoja unaweza kunyakua sauti katikati ya kikao.

Abiria_wa_SGR

Asanteni sana wakuu, ENC nilikuwa sijui kabisa. Mawili ya mwisho: naweza kuchajia chaja ya laptopu ya wati 65? Na basi lenye madirisha wazi je?

Fundi_Mawimbi

Wati 65 haziui kitu, mkuu. Chaja ya USB-C inatoa volti 5 mpaka kifaa kiombe zaidi, na hedifoni haiombi. Tatizo ni kinyume chake: baadhi ya hedifoni za bei rahisi mtengenezaji hakuweka vikinza viwili vya kilo-ohm 5.1 kwenye tundu la chaji, kwa hiyo chaja yenye waya wa USB-C ncha zote mbili haitambui kama kuna kitu kimechomekwa, na taa haiwaki. Haijafa. Tumia waya wenye USB ya zamani upande wa chaja.

Dirisha likiwa wazi, upepo unapiga moja kwa moja kwenye maiki za nje na chipu inauchukulia kama mngurumo, basi unasikia "vuu vuu" ambayo haikuwepo. Weka hali ya kupunguza upepo kama programu inayo, au zima ANC na uache sponji zifanye kazi. Ukishuka stendi washa hali ya kusikia nje kabla hujavuka barabara, la sivyo bodaboda inayotokea nyuma unaweza usiisikie.

Bi_Chaji

Nyongeza kwa watu wa Pwani: jasho linamenya ngozi bandia ya sponji. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukivua, usifungie kwenye begi zikiwa na unyevu. Zikichakaa, nunua zilizotajwa kwa jina la modeli yako, zenye unene uleule. Nene zaidi zinasogeza sikio mbali na maiki ya ndani, hesabu ya chipu inakosewa, na ANC inaanza kuvuma yenyewe.