Sakafu ya vibao vya mninga imechimbwa kwa grainda, naombeni ushauri

Binti wa Cheyo
Habari zenu wadau. Niko Tabora mjini, nyumba aliyotuachia marehemu baba. Sebuleni kuna sakafu ya mbao, si mbao ndefu, ni vile vibao vifupi vilivyopangwa vitano vitano, kundi moja limelala, jingine limesimama, mpaka chumba kizima kinaonekana kama mkeka. Ni mninga. Tangu utoto wetu tuliipaka polishi nyekundu kila Jumamosi, sasa imekuwa nyeusi, na kama vibao kumi vinacheza ukivikanyaga.

Nikaita fundi. Alikuja na grainda yenye diski ya msasa. Kabla nusu saa haijaisha, karibu na mlango pakawa na mashimo ya umbo la mwezi mchanga, ukipitisha kidole kinazama. Nikamwambia aache. Sasa kaka yangu anasema tubandike marumaru yaishe. Mimi sitaki, sakafu hii baba aliipenda kuliko kitu chochote humu ndani. Yale mashimo yanaondoka? Nianze na msasa namba ngapi? Na mvua za Novemba zinakaribia, niharakishe au nisubiri?

Kijana wa Isevya
Marumaru dada. Unadeki, unasahau. Mbao na mchwa wa Tabora haviivani.

Mzee Seremala
Pole mwanangu, na umefanya vema kumsimamisha. Usiharakishe kitu. Ng'oa kibao kimoja kati ya hivyo vinavyocheza, upime unene wake, uangalie na kilichokuwa chini yake. Kisha weka rula juu ya shimo, utuambie kina chake.

Binti wa Cheyo
Shikamoo mzee. Nimepima. Kibao kina milimita 8. Chini kuna kitu cheusi kama lami, kigumu. Shimo baya kuliko yote linazidi milimita 1 kidogo. Kilichonishangaza ni upande wa chini wa kibao: rangi ya asali, na mistari myekundu ndani yake. Sikujua kama tunaishi juu ya kitu kizuri namna hii.

Mzee Seremala
Marahaba. Milimita 8 si nyingi. Ukisema usugue chumba kizima mpaka ulingane na shimo, utakuwa umekula sehemu kubwa ya uhai wa sakafu kwa kosa la kona moja. Usifanye hivyo. Sakafu ya vibao ina faida ambayo mbao ndefu hazina: kibao kibovu kinahamishika. Sogeza kabati kubwa, ng'oa taratibu kwa patasi vibao vizima vilivyo chini yake, uvipeleke mlangoni. Vile vilivyochimbwa viende vikakae chini ya kabati. Mbao ni ileile, umri uleule.

Ile lami ikwangue kwa mkono, huku umeinyunyizia maji kidogo isitimke. Usiipitishie mashine kabisa. Gundi nyeusi za zamani nyingine zilichanganywa na asbesto, na vumbi lake si la kuchezea. Ukishaisafisha, bandika kwa gundi ya sakafu ya mbao, weka uzito juu, uache kucha.

Sasa polishi, na hapa ndipo wengi huharibu. Dondosha tapentaini, futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka chekundu, nta bado imo. Ukisugua na nta ikiwemo, joto linaiyeyusha, msasa unaziba, na vanishi ukija kuipaka inajikunja kama maji juu ya mafuta. Kwa hiyo futa kwanza, kitambaa baada ya kitambaa. Vitambaa hivyo usivirundike kwenye ndoo. Vitandaze nje vikauke, vikilundikana vinaweza kushika moto vyenyewe.

Mama wa Kiloleni
Naongeza la vumbi, maana mume wangu ni seremala na nimeliona. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, wengine wanabanwa kabisa. Vaa barakoa nzuri, si kitambaa cha kichwa. Watoto wahamie kwa jirani. Mlango wa ndani utundikie shuka lililolowa. Na siku ya tapentaini na vanishi pasiwe na jiko la mkaa linalowaka, hata uani karibu na dirisha.

Mfugaji wa Sikonge
Kwetu nta ya nyuki ipo ya kutosha. Kwa nini usipake nta badala ya vanishi? Inang'aa vizuri na haina harufu kali.

Mzee Seremala
Nta ni nzuri kwa kiti au mlango. Sebuleni kwenye miguu na chai ya kumwagika, utarudi kila baada ya wiki chache kuipaka tena, na siku ukitaka vanishi itabidi uanze kuitoa upya. Huyu ndiko anakotoka.

Msasa sasa. Vibao vyako vinaelekea pande mbili, hivyo huwezi kufuata mshipa wa mbao. Pita kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, kisha geuza mshazari wa pili. Tafuta mashine ya bapa. Ile ya rola ina nguvu mno kwa milimita 8. Ukiisimamisha hata kidogo inachimba kama grainda. Anza na 40, kisha 60, 80, umalizie 120. Usiruke namba, kila moja inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Vumbi laini la 80 lihifadhi, changanya na gundi ya mbao, zibia nyufa. Pembeni tumia kikwangua cha mkono.

Vanishi tabaka tatu nyembamba, la kwanza lichanganywe na tina kidogo, na katikati ya tabaka upitishe 220 kwa mkono mwepesi. Paka asubuhi kabla upepo haujaanza kurusha vumbi. Mvua zikikuwahi, subiri. Vanishi inayokaukia kwenye unyevu inachelewa na kubaki inanata.

Binti wa Cheyo
Wadau, wiki imepita. Vibao sita vimehama. Vitambaa vitatu vya kwanza vilitoka vyekundu kama damu, cha nne waridi, cha saba cheupe. Kaka alikuja jana, akachuchumaa, akakishika kile kibao cha rangi ya asali muda mrefu, akaniuliza mashine inakodishwa wapi. Swali moja tu limebaki: vilivyotoka chini ya kabati vina rangi tofauti na wenzao. Itabaki hivyo?

Mzee Seremala
Sehemu kubwa ni polishi na jua, msasa utaiondoa. Itakayobaki, fungua mapazia. Baada ya miezi kadhaa mwanga utavilinganisha.