Mrejesho: Chaji kwenye graviti ya f(R)

Wadau, niliuliza kama suluhisho kamili la Reissner (1916) na Nordström (1918), la kitu cha mviringo chenye chaji, linasimama tukiacha milinganyo ya graviti ya Einstein na kushika f(R), yaani nadharia ambamo mpindo R wa anga-wakati unapitishwa kwanza kwenye fomula f badala ya kutumika wenyewe. Linasimama. Nimefuata dokezo la mwalimu wa Maseno, kwa kalamu tu, maana stima huku Kisumu ilikuwa imepotea.

Ufunguo ni uwanja wa Maxwell (wa umeme na sumaku): katika vipimo vinne, tresi ya tensa yake ya nishati, yaani jumla ya namba za ulalo wake, ni sifuri. Kwa hiyo mpindo R ukiwa thabiti, sharti linabaki R·f′(R) = 2f(R), ambapo f′ ni mteremko wa f. Ukishapata R₀, yaani thamani ya R inayotimiza sharti hilo, umbo la zamani linarudi, ila Q² (mraba wa chaji) inagawanywa kwa f′(R₀), na R₀/4 inashika nafasi ya lamda, namba thabiti ya kosmolojia. Nikajaribu f = R²: kila R₀ inakubali! Isipokuwa sifuri, kwani hapo f′ inazimika na huwezi kugawanya.

Vumbi lenye chaji (maada isiyo na shinikizo) ni kesi nyingine. Tresi yake si sifuri, hivyo R inabadilika pamoja na msongamano na njia hii ya mkato inafungwa. Kwa vumbi hilo, kwenye milinganyo ya Einstein tuna suluhisho la Majumdar na Papapetrou (1947). Mwenye mfano kama huo wa f(R) auweke hapa.