Naomba ushauri: kuonyesha kurasa za katuni Dodoma

Ndugu wadau, heshima kwenu. Sisi ni wachoraji wanne wa hadithi za katuni hapa Dodoma, na mwezi Agosti tunakusudia kuonyesha kurasa 40 za ukubwa wa A3, zilizochorwa kwa wino, mahali pa wazi karibu na Nyerere Square. Tulijaribu kuzibana kwenye kamba, lakini upepo wa kiangazi, ambao huku huja na vumbi, ulichana mbili, nami iliniuma sana kwa kuwa ni kazi ya wiki kadhaa; tulipozifunika kwa nailoni, mng'ao wa jua ulificha maneno ya wahusika. Je, tutundike nakala na kuhifadhi michoro halisi, au ipo njia nafuu ya kuilinda? Na tukiuza nakala hizo, mchoraji na mtunzi wa hadithi wagawaneje mapato?